Jino Linapewa Ganzi, Mama Anaambiwa Avumilie

Wacha nianze na jino. Ukienda kung'olewa jino hapa Nairobi, iwe ni kliniki ya mtaani Kayole ama ile ya ghorofa za Upper Hill, kitu cha kwanza daktari anafanya ni kukudunga ganzi. Hakuulizi kama wewe ni jasiri. Hakwambii nyanya yako aling'olewa kwa koleo na hakulia. Anakudunga, anangoja kidogo, halafu anagusa ufizi na kuuliza, "Unaskia?" Ukisema unaskia, anaongeza. Shughuli yote imeisha kabla hata matatu ijaze.

Sasa twende wodi ya uzazi. Binti wa miaka 22 ako na leba tangu usiku. Saa ya kumi na mbili hii, mwili unajikunja kila baada ya dakika tatu, ameshika chuma cha kitanda hadi vidole vimekufa ganzi. Hiyo ndiyo ganzi pekee atapata. Hakuna mtu amemuuliza kama anaskia. Anachoambiwa ni "Vumilia, mama." Na hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya anaambiwa ile sentensi wanawake wengi Kenya wanaijua kwa moyo: "Wakati wa kuitengeneza si hukupiga kelele?"

Naona kuna mtu ashaanza kuandika, "Wewe ushawahi kuzaa?" Bado. Na sijawahi kugongwa na nduthi pia, lakini najua aliyegongwa anafaa kupewa dawa ya maumivu. Endelea kusoma.

Msimamo wangu ni huu. Njia za kupunguza maumivu ya kuzaa zipo, na zimekuwepo tangu enzi za nyanya ya nyanya yako. Shida ya kwanza hapa kwetu ni kwamba mwanamke wa kawaida hata haulizwi. Na kutomuuliza mtu si utamaduni, si dini, na si umaskini peke yake. Ni uamuzi. Kuna watu wameamua kwa niaba yake kwamba maumivu yake si kitu cha kushughulikiwa.

Kwanza, tujue kilichopo

Siwezi kuwaambia mdai kitu hamkijui, kwa hivyo hebu tupitie, na nitasema ubaya wa kila kimoja pia. Mimi siuzi dawa.

Kuna vitu havihitaji dawa kabisa. Kutembea badala ya kulazwa chali. Kubadilisha mkao. Kukandwa mgongo. Kitambaa cha maji moto kiunoni. Kufundishwa kupumua. Na kikubwa zaidi, mtu unayemwamini kukaa kando yako mwanzo hadi mwisho. Hii ya mwisho watu huichukulia kama mapenzi tu, lakini imepimwa. Uchambuzi wa Cochrane wa 2017, uliokusanya majaribio yenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha wanaopata mtu wa kuwa nao wakati wote wana uwezekano mkubwa wa kuzaa kwa njia ya kawaida, leba yao inakuwa fupi kidogo, na wanahitaji dawa za maumivu kidogo. Gharama yake? Kiti kimoja cha plastiki na pazia.

Kuna gesi ya kuvuta, ile wengi huita gesi ya kucheka, iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni. Mama anashika kifaa mwenyewe. Uchungu ukianza kupanda anavuta, ukishuka anaacha. Haimalizi maumivu yote, na inaweza kukupa kizunguzungu ama kichefuchefu. Lakini ukiacha kuivuta, inatoka mwilini kwa dakika chache. Uingereza ni kitu cha kawaida kabisa wodini.

Kuna sindano kama ya pethidini. Inadungwa pajani, inatuliza. Ubaya wake ni kwamba inaleta usingizi na kutapika, na ikidungwa karibu sana na wakati wa mtoto kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa mzito wa kupumua, kwa hivyo lazima mhudumu ajue saa na awe na dawa ya kuipindua.

Halafu kuna epidurali, ile mnaona kwa sinema. Daktari wa ganzi anapitisha mrija mwembamba mgongoni, nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, na dawa inaingia kupitia hapo. Ndiyo inayopunguza maumivu kuliko zote, na mama anabaki macho, anaongea. Ubaya wake: presha inaweza kushuka, kwa hivyo lazima upimwe mara kwa mara. Miguu inaweza kuwa mizito. Hatua ya kusukuma inaweza kurefuka. Wachache hupata kichwa kibaya kwa siku kadhaa. Lakini zile stori za salon eti itakuharibu mgongo maisha yako yote, ama lazima utapasuliwa? Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa 2018, uliangalia majaribio yenye wanawake zaidi ya 11,000. Haukuona ikiongeza upasuaji kwa jumla, wala maumivu ya mgongo ya muda mrefu.

Na ya mwisho, ambayo nitairudia: ganzi ya kawaida ya kudunga pale mama amechanika, kabla hajashonwa. Ni dawa ya aina ileile ya jino. Chupa ndogo tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kuhudumia mama wakati wa leba mwaka wa 2018. Ndani yake kuna epidurali, kuna sindano kama za pethidini, kuna kukandwa na maji moto, kuna haki ya kuwa na mtu wako. Dawa hizo zinapendekezwa kwa mama mwenye afya *anayeomba* kupunguziwa maumivu. Shika hilo neno. Anayeomba. Sasa niambie, utaombaje kitu hujawahi kuambiwa kipo?

Sheria iko wazi kuliko mnavyodhani

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na inataja afya ya uzazi kwa jina. Kifungu cha 28 kinaongea kuhusu utu. Halafu kuna Sheria ya Afya ya 2017, ambayo hakuna mtu huisoma. Inasema mhudumu wa afya ana wajibu wa kumweleza mgonjwa matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa.

Soma tena. *Ana wajibu wa kumweleza.* Mgonjwa hahitaji bahati ya kukutana na sista mpole ndipo aelezwe.

Na korti zetu zishawahi kuongea kuhusu vile mama anatendewa akizaa. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma Bungoma mwaka wa 2013, akapigwa na kutusiwa na wauguzi. Kisa hicho kilirekodiwa kwa simu, nchi nzima ikaona. Korti ilisema haki zake zilivunjwa na ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Kesi yenyewe haikuwa ya ganzi. Lakini ilisema jambo moja wazi: mama akiwa katika leba hajaacha utu wake kwa mlango wa hospitali.

"Lakini Mungu alisema..."

Nilijua mtafika hapo. Tuongee basi.

Ndiyo, kitabu cha Mwanzo kinaongea kuhusu uchungu wa kuzaa. Lakini sura hiyohiyo inamwambia mwanaume atakula kwa jasho na ardhi itamtolea miiba. Mimi sijawahi kuona mzee wa kanisa akimkataza mkulima wa Trans Nzoia kutumia trekta ama dawa ya magugu kwa sababu jasho lake liliandikwa. Adhabu ya mwanaume ilipata mashine. Adhabu ya mwanamke ikabaki sharti.

Na si mjadala mpya. Mwaka wa 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa kina mama klorofomu wakati wa kuzaa. Wakamletea Biblia. Akawajibu kwa Biblia: kabla Mungu hajatoa ubavu wa Adamu, alimlaza usingizi mzito kwanza. Mwaka wa 1853 Malkia Victoria mwenyewe akapewa klorofomu akimzaa Leopold, mtoto wake wa nane. Klorofomu iliachwa baadaye kwa sababu ina hatari zake, lakini hesabu hapo. Hiyo ni miaka 42 kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao hapa mwaka wa 1895. Walituletea reli, wakatuletea Biblia na kodi ya nyumba. Ile sehemu ya malkia kupunguziwa maumivu wakasahau kushusha Mombasa.

Ndugu zangu Waislamu pia wanaijua sura ya Maryam. Uchungu ulipomshika chini ya mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo. Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji ya kunywa na tende za kula. Mama analia, anahudumiwa. Mbona kwetu mama analia na anatusiwa?

Halafu kuna wale hawana dini lakini wana methali: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wanaitafsiri eti bila maumivu mama hatampenda mtoto. Kwani waliojifungua kwa upasuaji, wakiwa na ganzi, hawapendi watoto wao? Na baba anapenda vipi? Na shosho aliyekulea juu mathe alikuwa mbali anatafuta? Upendo haupimwi kwa mayowe.

Wanaume hawakuambiwa wavumilie

Hii itauma lakini lazima niiseme. Novemba 2008, serikali ilizindua mpango wa tohara ya hiari kwa wanaume, ikianzia Nyanza, ili kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Mpango mzuri. Wanaume wengi sana wamepitia. Na kila mmoja alipokanyaga pale, utaratibu ulikuwa nini? Ganzi kwanza. Ilikuwa ndani ya mpango, ndani ya bajeti, ndani ya mafunzo ya wahudumu. Shughuli ya nusu saa hivi.

Na hapa tunaongea kuhusu nchi ambayo jamii kadhaa zilijenga uanaume mzima juu ya kusimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kama kuna mahali "vumilia" ilikuwa na mizizi, ni hapo. Lakini serikali ilijua wazi: bila ganzi, wanaume hawatakuja. Ikapatikana.

Wanawake walikuja bila kuahidiwa hata panadol. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 unaonyesha zaidi ya watoto 8 kati ya 10 sasa wanazaliwa katika kituo cha afya. Kwa miaka mingi tuliwaambia, "Acheni kuzalia nyumbani, kujeni hospitali." Wakaja. Wengine kwa bodaboda usiku, wengine kwa mguu. Na kwa sababu walikuja, mtu akaamua hakuna haja ya kuongeza kitu. Uvumilivu wao ukageuzwa kuwa mpango wa kuokoa pesa.

Fuata doh

Ukitaka kujua nchi inathamini nini, angalia inalipia nini. Uzazi wa bure ulitangazwa 2013. Baadaye ikaja Linda Mama chini ya NHIF, na tangu Oktoba 2024 tuko na SHA. Viwango vya SHA ni shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ukipasuliwa, ganzi imo, maana hakuna binadamu atakupasua ukiwa macho bila ganzi. Ukizaa kawaida, hospitali inapewa zile 10,000, na kila shilingi inayoenda kwa kukutuliza ni shilingi imetoka kwa gavana, glavu na umeme. Unadhani nini kitakatwa kwanza?

Najua nimeandika gavana hapo. Sitafuta. Nanyi mnajua ni kwa nini.

Kwa hivyo epidurali imebaki ya hospitali za kibinafsi za mjini, tena mara nyingi ni pesa ya kando juu ya bili. Mwenye bima nzuri anaulizwa na tabasamu. Mama mboga anaambiwa asukume. Wote wana mwili uleule. Tofauti ni kadi tu.

"Kina mama wanakufa, wewe unaongea maumivu?"

Hii ndiyo hoja nzito, na sitaiparamia. Sensa ya 2019 ilionyesha tunapoteza kina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wengi kwa kuvuja damu. Kuna vituo havina damu, havina ambulensi, vina sista mmoja usiku kwa kina mama wengi. Madaktari wa ganzi ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Siombi epidurali ianze Jumatatu katika kila zahanati ya Turkana. Epidurali bila mtu wa kukuangalia presha ni hatari, na mtu akikuahidi hiyo, mkimbie.

Lakini hoja hiyo inatumiwa kufunga mdomo, wala haijibu swali. Kwanza, hakuna mahali pesa ya damu iliokolewa kwa kumshona mama bila ganzi. Pili, mama anayeogopa wodi anachelewa kuja, na kuchelewa kunaua. Ukitaka aje mapema, mfanye asiogope. Tatu, vitu vingi nilivyotaja havihitaji daktari wa ganzi. Mtu wa kukaa nawe hahitaji. Kutembea hakuhitaji. Gesi hutolewa na wakunga waliofunzwa. Ganzi ya kushona mkunga anaijua tayari.

Na hapo kwa kushona nisimame kidogo. Binamu yangu alijifungua mwaka juzi katika hospitali moja ya umma, sitaitaja. Alichanika. Aliambiwa, "Ni mishono michache tu, karibu tunamaliza." Alishonwa hivyo hivyo, anaskia uzi ukipita. Alipouliza kuhusu dawa, akajibiwa, "Umetoa mtoto mzima hapo, sindano ndiyo itakushinda?" Mtoto alikuwa mzima, kwa hivyo kila mtu nyumbani akasema tumshukuru Mungu, na stori ikaisha. Kwake haijaisha. Anasema leba yenyewe ameshaisahau nusu. Ile meza hajaisahau. Anataka mtoto wa pili na anaogopa meza.

Huwezi kuniambia hiyo ni shida ya madaktari wachache. Mama hakuombwa avumilie kitu kisichoepukika. Alifanyiwa kitu ambacho daktari wa meno angefanya kwa jino langu angefikishwa mbele ya bodi.

Sipigani na manesi hapa. Nesi anayesimamia wodi peke yake usiku kucha, mshahara umechelewa, naye ameachwa avumilie na watu walewale. Lakini uchovu unaeleza kwa nini mtu hakufika haraka. Hauelezi matusi.

Kwa wewe unayesoma na miaka 19

Unaweza kudhani hii ni stori ya watu wazima. KDHS hiyohiyo ya 2022 inasema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Ukikaa darasani na wasichana ishirini, fanya hesabu. Na msichana mdogo ndiye hupata ulimi mkali zaidi, juu mtu anaona leba ni nafasi ya kumfunza adabu. Maumivu yanageuzwa kuwa kiboko. Wodi si ofisi ya mwalimu wa nidhamu.

Kuna wanawake watasoma hii na kusema, "Mimi nilizaa bila kitu na niko sawa, na nitarudia." Safi kabisa. Kama ulichagua, hongera yako na hakuna mtu anafaa kukulazimisha mrija mgongoni. Lakini kama hukuulizwa, hukuchagua. Ulivumilia. Usichukue uvumilivu wako ukaufanya kodi ambayo kila msichana anayekuja nyuma yako lazima alipe.

Kwa hivyo hiki ndicho nadai, na si kikubwa:

Moja, swali liulizwe kliniki, mimba ikiwa bado changa: "Ungependa tukusaidie vipi na maumivu?" Na jibu liandikwe kwenye kile kitabu cha mama na mtoto.

Mbili, hakuna mama kushonwa bila ganzi. Si kesho, leo.

Tatu, kila mama aruhusiwe mtu mmoja wa kukaa naye. Wekeni pazia.

Nne, SHA itenge malipo ya kupunguza maumivu kwa kuzaa kwa kawaida, nje ya zile 10,000, na kaunti zianze na gesi katika hospitali zake kubwa huku zikifunza watu zaidi wa ganzi.

Na wewe ukiwa na mimba, ama dada yako, ama mke wako, nendeni kliniki na hili swali mkononi: "Hapa mna nini cha maumivu, na nisipokitaka nina haki ya kukataa?" Mkijibiwa kwa kicheko, ulizeni tena. Wewe mwanaume pia, acha kungoja nje na maji ya chupa. Uliza. Wao wamezoea mwanamke mmoja mmoja anayelia peke yake usiku. Hawajazoea mia moja wanaouliza swali moja mchana.